Opala: mali ya msitu inafika Kisangani, faida inabaki njiani

Anayevuka mto kutoka katikati ya Kisangani hadi Lubunga, ngambo ya kushoto, halafu akashika barabara ya Opala, anakutana kwanza na velo. Magari ni machache, hasa mvua ikinyesha. Velo ndizo zinabeba teritware nzima: magunia ya mpunga, muhogo mkavu, mabido ya mafuta ya ngazi, ndizi, viwavi wakavu wakati wa msimu wao, na majani ya kufungia kwanga yaliyofungwa mafungu mafungu. Mwenye velo haipandi. Amefunga mti kwenye usukani na mwingine nyuma ya kiti, anasukuma siku baada ya siku, kilo mia na zaidi. Aliyetoka Opala yenyewe amesukuma zaidi ya kilomita mia mbili.

Sasa tuangalie ndani ya gunia lake. Kilo 100 za mpunga ambao haujakobolewa, zikipita kwenye mashini nzuri, zinatoa kilo 65 hivi za mchele. Kilo 20 hivi ni makapi, na zinazobaki ni pumba. Mashini ikiwa ya zamani, mchele unapungua tena na punje zinavunjika. Yaani huyu mtu amesukuma theluthi nzima ya mzigo wake bure. Muhogo mbichi ni mbaya zaidi, kwa sababu zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji. Anayeleta muhogo mbichi mjini anasukuma maji kuyapeleka kwenye mji ulio kando ya mto Kongo, ambao maji haujawahi kuyakosa.

Hesabu hii ndogo inafaa kuwekwa mezani kila mara watu wa semina wanapotamka neno linalotembea sana siku hizi, "uchumi wa kibayolojia". Maana yake si ngumu. Ni uchumi unaosimama juu ya vitu vinavyoota na kuzaa, vinavyoweza kurudi tena vikitunzwa: chakula, mbao, mafuta, dawa, nyuzi, makapi ya kuwasha moto. Ni kinyume cha almasi na dhahabu, ambazo ukishazitoa hazirudi. Kwa maelezo hayo Opala ingekuwa ya kwanza darasani. Ina msitu, ina mto Lomami na vijito vyake, mvua inanyesha karibu mwaka mzima, na watu wake wamelima na kuvuna msituni kizazi baada ya kizazi. Kumbe Opala ni kati ya teritware ngumu kuishi za Tshopo kwa mtu anayetafuta pesa ya shule au ya hospitali.

Ahadi kubwa ya mwaka 2025

Mazungumzo haya yamepata nguvu mpya tangu Januari 2025. Mwezi huo serikali ya Kinshasa ilitoa dekreti ya kuunda Ukanda wa Kijani Kivu–Kinshasa, kisha Rais Félix Tshisekedi akautangaza kule Davos, Uswisi. Ukanda huo una ukubwa wa kilomita za mraba 540,000, karibu sawa na Ufaransa. Unataka kufuata mto Kongo, kulinda msitu, na papo hapo kusafirisha chakula tani milioni moja kwa mwaka kutoka Kivu mpaka Kinshasa. Umoja wa Ulaya ulitangaza kuunga mkono kwa euro bilioni moja. Mfano unaotajwa ni ule wa Virunga, ambako umeme wa mito, kama wa Matebe uliowashwa mwaka 2015, ulianza kuendesha viwanda vidogo vya sabuni na chokoleti.

Mwezi huohuo wa Januari, Goma iliingia mikononi mwa M23. Mwanzo wa ukanda ukawa upande wa vita kabla mwisho wake haujachorwa vizuri. Kwa mtu wa Tshopo hilo lina maana mbili. Kwanza, chakula kilichotarajiwa kutoka Kivu kimekuwa cha mashaka. Pili, Tshopo iko katikati ya njia, na ingeweza kuwa mzalishaji badala ya kuwa kituo ambapo boti inapumzika tu. Lakini Opala haiko juu ya mto Kongo. Iko juu ya Lomami, na Lomami inaingia Kongo pale Isangi. Mzigo wa Opala ukitaka kufuata mto, lazima ushuke Lomami kwa mtumbwi au kwa boti ya mbao ile inayoitwa balenieri, ufike Isangi, halafu uchague: kupanda kwenda Kisangani au kushuka kwenda Mbandaka na Kinshasa. Njia hiyo ipo na watu wanaitumia. Ni ya polepole, haina ghala za maana, na kila kituo kina mtu mwenye karatasi ya kulipisha.

Mto na barabara vinafanana hapo. Velo inapita barieri moja baada ya nyingine, na kila barieri ina jina la ushuru wake. Mingine ina sheria nyuma yake, mingine haina. Mwenye mzigo hana nafasi ya kuuliza kwa sababu mafuta yanavuja na giza linakaribia. Wachumi wanaandika kwamba shida ya vijiji ni "kukosa soko". Mtu wa Opala soko analijua vizuri sana, kwa sababu Kisangani ina zaidi ya watu milioni moja na kila asubuhi wanataka kula. Kinachomkosesha pesa ni njia ya kufika pale.

Kwa nini hawakobolei kijijini?

Swali hilo linaulizwa na kila mgeni, na jibu lake halihusu uvivu wala ujinga. Mashini ya kukoboa inataka mazuti. Mazuti yanatoka Kisangani, yanapanda barabara ileile, na yakifika Opala bei yake imeruka. Mashini ikiharibika, kipande kinatafutwa mjini na fundi naye pia. Halafu mpunga una msimu. Miezi michache mashini inafanya kazi mchana kutwa, miezi mingine inakaa na deni la mkopo linaendelea. Na mnunuzi wa jumla, yule anayekuja na pesa taslimu wakati wa kufungua shule, mara nyingi anataka mpunga wenye makapi kwa sababu unakaa muda mrefu bila kuharibika kuliko mchele. Anayehitaji pesa ya haraka anauza kilichopo.

Kuna nchi zilizojaribu kugeuza makapi yenyewe kuwa dawa ya ugonjwa huu. Kule Bihar, India, tangu mwaka 2007 vijiji kadhaa viliwashiwa umeme kwa mitambo inayochoma makapi ya mpunga na kutoa gesi ya kuendesha jenereta. Ikafanya kazi, lakini kwa masharti: makapi yapatikane kila siku, bei yake isipande watu wakishajua yana thamani, na fundi akae karibu kwa sababu lami inaziba mabomba. Baadaye kampuni iliyoanzisha jambo hilo iliegemea zaidi kwenye umeme wa jua. Somo kwa Opala linaweza kuwa hilihili: jua kwa taa na kwa mashini ndogo, makapi kwa moto wa kukaushia mpunga na muhogo. Kukausha ndiko kunapunguza mzigo. Kisangani yenyewe inapika kwa makala na kuni, maana bwawa la Tshopo na mitambo yake mitatu ya umeme havijawahi kutosha mji mzima, na makala hiyo inatoka msituni. Wakati huohuo makapi ya mashini za kukoboa mjini yanarundikwa na kuchomwa pembeni ya barabara.

Yangambi ilijua mapema

Hapa historia inauma kidogo. Mwaka 1941, watafiti wa INEAC pale Yangambi, kilomita mia moja hivi chini ya Kisangani, walieleza siri ya mbegu za ngazi. Walionyesha kwamba ukichanganya ngazi ya ganda nene na ile isiyo na ganda, unapata aina ya katikati, yenye nyama nyingi na mafuta mengi, inayoitwa tenera. Mashamba makubwa ya Malaysia na Indonesia yamejengwa juu ya ujuzi huo. Leo Kongo inaagiza mafuta ya ngazi kutoka ng'ambo, wakati familia nyingi za Opala bado zinakata ngazi za ganda nene zilizoota zenyewe kwenye mashamba ya zamani, zinachemsha kwenye mapipa na kukamua kwa nguvu ya mikono. Ukamuaji wa namna hiyo unaacha mafuta mengi ndani ya nyuzi. Kazi kubwa inafanywa na akina mama, na wao ndio wanaobaki na kuni za kutafuta.

Ujuzi wa kahawa nao ulipita hukohuko. Robusta ilichaguliwa na kuboreshwa Yangambi na kwenye kituo cha Lula, nje kidogo ya Kisangani. Halafu ugonjwa wa kunyauka, trakeomikozi, ukapita na kuua mikahawa ya Jimbo la Mashariki miaka ya 1980 na 1990, na wakulima wengi wakakata miti yao kabisa. INERA, iliyorithi INEAC, bado ina hazina ya aina za robusta. Kati ya hazina hiyo na shamba la mkulima wa Opala kuna nafasi isiyo na mtu: hakuna kitalu cha karibu, wala mtaalamu wa kilimo mwenye pikipiki na mafuta ndani yake.

Na kabla ya ngazi na kahawa kulikuwa na mpira. Mwaka 1898 iliundwa Kampuni ya Lomami, na watu wa bonde hili walisukumwa kwa nguvu kwenda kukata mpira msituni. Wabelgiji walipochukua nchi mikononi mwao, ikaja mwaka 1917 sheria ya kilimo cha lazima, mchele na pamba, pamoja na faini na fimbo. Wazee wa Opala wana kumbukumbu ya maneno mazuri yaliyokuja na kampuni. Mradi unapofika leo na neno jipya, maswali ya kwanza ya kijiji yanatoka huko: nani ananunua, kwa bei gani, na tukikataa inakuwaje?

Mti mmoja, wenye mali wawili

Ugumu wa kweli wa uchumi wa msitu unaonekana vizuri kwenye mti mmoja, sapeli. Kwa mfanyabiashara wa mbao, sapeli ni mali ya kwanza: mbao nyekundu, nzuri, inayouzwa mpaka Uganda na mbali zaidi. Kwa familia ya kijijini, sapeli ni mti wa viwavi. Aina moja ya mbinzo inapenda majani yake sana, na msimu wao ukifika, watoto na akina mama wanaokota chini ya mti, wanakausha, wanakula na kuuza. Pesa ya viwavi inaingia bila kulima na bila kukata kitu, kila mwaka, mti ukiwa umesimama. Mbao inaingiza pesa mara moja, na mara nyingi mfukoni mwa mtu ambaye haishi pale.

Kwenye karatasi za serikali, mbao ina bei, ina kodi, ina ofisi yake. Viwavi hawana ofisi. Ndivyo ilivyo pia kwa fumbwa, uyoga, asali, kekele na majani ya kwanga. Vinalisha watu wengi, lakini katika hesabu ya jimbo ni kama havipo. Chuo Kikuu cha Kisangani kimefundisha vizazi vya wanafunzi walioandika kazi zao juu ya viwavi, uyoga na miti ya chakula. Kazi hizo ziko kwenye kabati. Hazijageuka kanuni ya kawaida kabisa inayosema: sapeli wa viwavi aliye karibu na kijiji asikatwe bila ruhusa ya wanaookota chini yake.

Kuna kisa kingine kinachoonyesha jinsi ujuzi wa Opala unavyochukuliwa. Mwaka 2007, watafiti waliokuwa wakichunguza msitu wa Lomami waliona tumbili mdogo aliyefugwa nyumbani kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, mjini Opala. Hawakumfahamu. Watu wa pale walimfahamu na kumwita lesula. Mwaka 2012 sayansi ilimwandika kuwa aina mpya, Cercopithecus lomamiensis, na habari ikazunguka dunia. Julai 2016 ikaundwa rasmi Hifadhi ya Taifa ya Lomami, kilomita za mraba 8,879 katika majimbo ya Tshopo na Maniema. Hifadhi ni jambo zuri kwa lesula na bonobo. Kwa mwindaji aliyeishi kwa kuuza nyama Kisangani au Kindu, ni mlango uliofungwa, na mwindaji huyo bado anasubiri kuonyeshwa mlango mwingine wa kupitia. Samaki, kuku, mbuzi, viwavi, yote yanatajwa, lakini yote yanarudi kwenye barabara ileile na mazuti yaleyale.

Udongo bila karatasi

Hakuna mtu anayepanda mti wa miaka thelathini kwenye udongo ambao kesho unaweza kupewa mwingine. Sheria ya ardhi ya Julai 1973 ilisema ardhi yote ni ya Serikali. Kwa ardhi ambazo vijiji vinakaa na kulima kwa mila, sheria hiyo ilisema haki zao zitaelezwa na ordonansi ya Rais. Ordonansi hiyo haikutoka. Kwa zaidi ya miaka hamsini, mkulima wa Opala amelima kwenye nafasi hiyo ya katikati: kwa mila ni kwake, kwa karatasi si kwake.

Ubaya wa hali hiyo Tshopo imeuona kwa damu. Februari 2023, upande wa Lubunga na katika teritware ya Ubundu, ugomvi wa ardhi iliyotolewa kwa kampuni ya kilimo uligeuka vita kati ya jamii za Mbole na Lengola, watu waliokuwa wakioana na kugawana masoko. Mamia ya watu waliuawa, nyumba zikachomwa, makumi ya maelfu wakakimbilia Kisangani. Barabara ya Opala inaanzia palepale. Miezi kadhaa watu waliogopa kupita, na bei za chakula mjini zikapanda. Chanzo chake kinawahusu wote wanaozungumzia mashamba makubwa ya kijani: ardhi iligawiwa kabla ya kujulikana nani ni mwenyewe na nani alikubali.

Njia ya karatasi ipo, tusidanganyane. Dekreti ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii ya wenyeji kupewa konsesyo ya msitu mpaka hekta 50,000, bure na bila mwisho, na gavana wa jimbo ndiye anayetia sahihi. Ndani yake wanaweza kukata mbao kwa mpango, kuokota, kulima sehemu fulani, kutunza sehemu nyingine. Teritware kadhaa za Tshopo zimeitumia. Lakini "bure" ni ya hati peke yake. Ramani, mikutano na vijiji jirani ili mpaka usilete vita, safari za kufuatilia dosye Kisangani, halafu mpango wa usimamizi: yote yanakula maelfu ya dola, na kwa kawaida anayelipa ni shirika kutoka nje. Shirika likiondoka, mara nyingine hati inabaki kwa mtu mmoja mwenye sanduku lenye kufuli.

Baadaye anakuja mtu wa kaboni. Anasema msitu wenu unaweza kuuza hewa. Huko Isangi, jirani wa Opala, mradi wa aina hiyo ulianza mwaka 2009 ndani ya konsesyo ya mbao. Kijiji kisicho na karatasi hakiwezi kukaa mezani kama mwenye mali. Kinakaa kama mwalikwa, kinapewa paa la shule, kinashukuru.

Shamba lililopumzika linaonekana msitu

Sasa kuna sheria ya Ulaya, na ndiyo inayofanya suala la karatasi kuwa la haraka. Ilipitishwa mwaka 2023. Inasema kakao, kahawa, mafuta ya ngazi, mpira, mbao, soya na ng'ombe haviingii Ulaya kama vimetoka kwenye shamba lililokatwa msituni baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Muuzaji lazima aonyeshe mahali shamba lilipo kwa alama za GPS. Kuanza kwake kumesogezwa mara mbili, sasa mpaka mwisho wa mwaka 2026 kwa kampuni kubwa. Mpunga, muhogo na viwavi havimo.

Nia yake ni nzuri. Tatizo liko kwenye namna Opala inavyolima. Mtu anakata, anachoma, anapanda mpunga na muhogo miaka miwili au mitatu, kisha anaacha udongo upumzike. Baada ya miaka kumi pale pana miti mirefu. Kwa sheria hiyo ya Ulaya, ardhi yenye ukubwa wa zaidi ya nusu hekta na miti ya zaidi ya mita tano inaweza kuhesabiwa msitu, isipokuwa ionyeshwe kwamba ni ardhi ya kilimo. Setilaiti inaona miti. Haioni kwamba babu wa huyu mtu alilima palepale. Akirudi mwaka 2023 na kupanda kakao, nani atamtetea kwamba hakukata msitu, bali amerudi shambani kwake? Karatasi ingemtetea. Ramani ya kijiji inayoonyesha mashamba yanayopumzika ingemtetea. Bila hivyo mnunuzi mkubwa atafanya jambo rahisi: atawaacha wakulima wa mbali na kununua kwenye shamba moja kubwa lenye GPS yake tayari.

Kuna wanaojibu kwamba basi wauze Asia, au Uganda, ambako hakuna anayeuliza. Inawezekana. Ila bei ya asiyeuliza ni ya chini, na mti wa sapeli unaondoka kwa mlango huohuo.

Mradi unaisha, mti unaanza kuzaa

Pesa zimekuja, lazima isemwe. Kongo ilisaini na mfuko wa CAFI mwaka 2016, kisha tena mwaka 2021 kule Glasgow, safari hii ahadi ikiwa dola milioni 500. Kutoka huko ulikuja mradi wa PIREDD Oriental kwa Tshopo, Ituri na Bas-Uele, na mipango ya matumizi ya ardhi, vitalu na kamati za vijiji. Umoja wa Ulaya ulifadhili kazi ya miti na utafiti Yangambi, pamoja na wazo la umeme wa kuni zilizopandwa. Ni mambo yanayostahili heshima.

Shida ni saa. Mradi una miaka mitatu, minne, mitano. Mwaka wa kwanza unakwisha kwa ofisi, magari na semina za kufungua. Mche wa ngazi au wa kakao unapandwa mwaka wa pili, na unahitaji miaka mitatu hadi minne kabla ya kutoa mavuno ya maana. Hesabu ni rahisi: mti unaanza kuzaa wakati gari la mradi linafungwa na bango linaanza kuingia kutu. Wakati huo ndipo mkulima anahitaji mtu wa kumwambia ugonjwa huu ni nini, nani atanunua, na bei ya Kisangani leo ni ngapi. Kamati zilizoundwa kwa haraka nazo zinalala, kwa sababu zilikuwa zinakutana kwa posho.

Serikali nayo ina mpango wake wa teritware 145, wenye barabara za kilimo, shule na vituo vya afya. Kwa Opala kipimo chake kingeweza kuwa cha wazi kuliko ripoti yoyote: madaraja mangapi yanapitika mwezi wa mvua nyingi, na velo inalipa mara ngapi kati ya Yatolema na Lubunga.

Kwa kipimo hicho, mambo ya kwanza ya uchumi huu wa kibayolojia si makubwa. Vikaushio vya mpunga na muhogo vinavyokula makapi. Mashini za kukamua ngazi karibu na akina mama, pamoja na mtu wa kuzitengeneza anayeishi palepale. Kitalu cha tenera na robusta kutoka Yangambi kinachoendelea baada ya mradi. Orodha ya sapeli za viwavi iliyowekwa kwa shefu na kwa ofisi ya mazingira ya teritware. Ramani za mashamba yanayopumzika kabla ya wanunuzi wa kakao kufika. Hakuna hata kimoja kinachohitaji Davos, lakini pesa iliyotangazwa Davos ingeweza kulipa vyote, kama ikipanda Lomami badala ya kuishia kwenye gati la Kisangani.

Wanaochora ukanda wataamua maghala na viwanda viwekwe wapi. Vikiwekwa vyote Kisangani, mpunga utaendelea kusafiri na makapi yake. Mwenye velo atafika Lubunga jioni, atalipa mtumbwi wa kuvuka, atauza kwa bei ya mnunuzi kwa sababu hana pa kulala na gunia, na asubuhi atageuka na chumvi, sabuni na bido moja la mazuti, kilomita mia mbili na zaidi, mbele yake barieri ya kwanza.